Mwizi wa Njugu za Mama

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji mpenzi, methali hii nimeiandika katika insha tangu nikiwa shule ya msingi ili nipate alama, lakini maana yake niliijua mwaka huu, tena kwa aibu.

Mama yangu ni mchuuzi wa njugu hapa Kisumu. Huzikaanga, akazisaga, akauza siagi yake. Karo yangu hutoka humo. Miaka yote alikuwa akiipakia siagi katika mikebe ya bati yenye vifuniko. Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka jana, mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, nani atanunua kitu asichokiona? Tutumie chupa za kioo."

Mama akakubali. Niliziosha chupa 36 zikang'aa, nikazijaza nusunusu ili ziwe nyingi, kisha nikazipanga kwenye dirisha la kibanda, pale jua la alasiri linapopiga. Lo! Zilipendeza ajabu. Hata jirani yetu auzaye nyanya alisimama akasema, "Jirani, chupa hizi zitakutajirisha!"

Krismasi ikaja ikapita. Chache ziliuzwa, nyingi zikabaki. Ilipofika Februari, mteja mmoja akairudisha yake akisema inanuka kama rangi ya mlango. Kesho yake akaja wa pili. Mama alifungua nyingine akaonja, akatema. Siku hiyo chupa 22 zilimwagwa shimoni, na mimi nikatumwa nyumbani kwa ajili ya karo.

"Ni jicho lile," Mama akasema. "Mtu hakusifu bure."

Basi tangu siku hiyo hakumsalimu tena jirani. Aliwaambia wenzake sokoni, nao wakawaambia wenzao, hadi mama wa watu akawa anashinda na nyanya zake bila mnunuzi. Binti yake, ambaye tuko naye kidato kimoja na huwa tunaandamana asubuhi, akaanza kupita njia nyingine. Haki ya Mungu, roho iliniuma, lakini ningesema nini?

Siku moja mwalimu wetu wa Kemia aliingia darasani akiwa ameshika kipande cha tairi kuukuu la baiskeli, kimejaa nyufa. Akauliza, "Nani amekikata hiki?" Tukanyamaza jii! Akasema, "Ni hewa na jua." Alifundisha kwa Kiingereza, nami nimejaribu kuyageuza kwa Kiswahili. Chama kinisamehe nikiteleza.

Oksijeni tunayovuta ndiyo uhai wetu, lakini hiyo hiyo hula mpira, mafuta na vitu vingi vilivyotoka kwa mimea na wanyama. Mwangaza au joto likisaidia, molekuli ya mafuta hupokonywa atomu moja ya haidrojeni, ikabaki radikali huru, kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Radikali hiyo huungana na oksijeni, kisha humpokonya jirani yake haidrojeni, na jirani naye akawa mpokonyaji. Mnyororo huendelea hivyo kwa maelfu. Mwishowe mafuta huvunjikavunjika kuwa vitu vidogo vyenye harufu mbaya. Huko ndiko kuchacha.

Kinachokata mnyororo huo huitwa antioksidanti. Yenyewe humpa mpokonyaji haidrojeni kwa hiari, nayo haiendi kumpokonya mwingine. Watengenezaji wa tairi huitia ndani ya mpira. Watengenezaji wa vyakula hutumia BHA na BHT, ambazo kwenye lebo huandikwa E320 na E321. Mimea nayo ina zake. Vitamini E, iliyogunduliwa na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California mwaka wa 1922, hulinda mafuta yaliyomo ndani ya mbegu. Vitamini C ya ndimu huzuia ovakado iliyokatwa isiwe nyeusi haraka. Lakini antioksidanti hutumika ikaisha, na ikishaisha hakuna mlinzi tena. Wala haifufui kilichokwisha kuchacha.

Niliinua mkono nikitetemeka. "Mwalimu, na njugu je?"

"Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta," akajibu. "Zina vitamini E yake, lakini ukizisaga umeifungulia hewa mlango. Sasa uziweke kwenye kioo, juani, chupa nusu tupu? Aka! Hapo umemkaribisha mwizi na kumpa kiti."

Nikauliza mbona zinanuka kama rangi. Akasema kuwa rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni, kwa hivyo harufu hukaribiana. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Yule binti alikuwa ameketi dawati la mbele, na nilijua mwizi ni nani.

Msomaji, nitasema ukweli: nilinyamaza siku mbili. Niliogopa. Usiku wa tatu Mama alipokuwa akihesabu sarafu za karo, nikashindwa. "Mama, si jicho. Ni mimi, na zile chupa." Nikamweleza yote, jua, kioo na hewa.

Mama hakunipiga. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hivyo nimemnunia mama wa watu bure?" Kulipopambazuka alifunga kilo ya sukari kwenye kanga, tukaenda kwa jirani.

Jirani alisikiliza hadi mwisho. Halafu akashika kiuno akacheka. "Dada yangu, nyanya zangu zilipoanza kuoza mezani, mimi nilidhani ni wewe!"

Siku hizi Mama hukaanga njugu kidogo kidogo. Siagi hupakiwa katika mikebe ya bati, ikajazwa hadi juu, ikafunikwa kabisa na kuwekwa chini ya kitanda penye baridi. Haijarudishwa hata moja. Chupa zangu za kioo nimezitia vifungo na misumari.

Wanafunzi wenzangu, uvumi nao huenda kama zile radikali, mmoja humwambukiza mwingine. Ningeweza kuukata ule mnyororo siku mbili mapema, lakini niliogopa. Jirani alipata wateja wake polepole, si kwa siku moja. Binti yake ameanza tena kupita njia yetu asubuhi. Juzi aliniuliza kama nina jambo jingine ninaloficha. Nikamwambia, la, lile moja lilinitosha.