Safari za Tanga na Watoto katika Visiwa vya Lamu

Kabla ya injini kuenea, familia iliyotoka Lamu kwenda Pate, Siyu au Faza, kwa harusi, kwa Idi au kumtazama mgonjwa, ilisafiri kwa mashua ya tanga, na watoto wachanga walikuwa abiria kama wengine. Saa ya kuondoka iliamuliwa na maji. Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ulipitika maji yakijaa. Yakipwa, chombo kilikwama topeni baina ya mikoko mpaka yarudi. Waliochelewa walilala humo humo. Wakubwa walifukuza mbu, watoto wakamaliza mkate uliobaki huku wakitazama kaa wakitoka mashimoni.

Upepo nao ulikuwa na masharti yake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huja na bahari tulivu, lakini anayekwenda Pate hukutana nao usoni na hulazimika kubisha huku na huku. Kusi husukuma chombo kwa nyuma, ila miezi ya Juni na Julai bahari huchafuka, na wazazi wengi waliahirisha safari au walishikilia njia ya ndani, nyuma ya Manda.

Mahali pa mtoto palikuwa katikati, karibu na mlingoti, mbali na rasharasha za omo, sehemu ya mbele ya chombo. Hatari ilikuwa wakati wa kugeuza. Foromali, mti unaobeba tanga, ilisimamishwa wima ikapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, tanga likipigapiga na demani, kamba ya kuongozea tanga, ikizungushwa mbiombio. Mama aliwainamisha wanawe, akawafunika vichwa kwa mikono mpaka tanga lijae tena. Kazi ya kwanza ya mtoto ilikuwa kushika upo, chombo cha kutekea maji. Hata mbao zilizotiwa kalafati na kupakwa sifa, mafuta ya samaki, huvuja, kwa hiyo aliteka maji ya ngamani na kuyamwaga baharini, upande upepo unakokwenda. Akikosea upande, yalimrudia usoni. Baadaye alifundishwa kusoma rangi ya maji: kijani cheupe juu ya mchanga, weusi juu ya mwamba au majani. Mafunzo hayo yalikuwa ya thamani kubwa, na hayakuhitaji siku maalumu. Safari yenyewe ilikuwa ndefu ya kutosha.

Injini ilibadilisha kwanza muda. Boti ya faiba hufika Faza kwa saa moja hivi, mahali ambapo tanga lingeweza kula siku nzima. Kwa mtoto mwenye homa kali au mama aliyeshikwa na uchungu, faida hiyo haina mfano, na hakuna familia ya visiwani inayotamani kuipoteza. Jaketi za kujiokolea nazo zimeingia, ingawa mara nyingi ni za kipimo cha watu wazima na humvuka mtoto mabegani. Ndani ya boti watoto hubanwa kati ya wakubwa, chini ya turubai linalokinga maji ya chumvi, na mlio wa mashine huzima mazungumzo. Hakuna cha kuteka wala cha kushika.

Tanga halijatoweka. Wapo wavuvi wanaolitumia, mashua hutembeza wageni kati ya Shela na Manda, na mashindano ya mashua wakati wa Maulidi bado hujaza watu ukingoni. Leo wanaojifunza kushika demani wakiwa wadogo ni hasa watoto wa wavuvi na wa manahodha, wanaopelekwa baharini na baba na babu zao siku zisizo za shule.