Vinu vya Kinderdijk na Adabu ya Kamera

Asubuhi moja nchini Uholanzi nilipanda chombo cha abiria kutoka Rotterdam hadi Kinderdijk, kamera ikining'inia shingoni. Huko vimejipanga vinu 19 vya upepo kandokando ya mifereji, vingi vikiwa vimejengwa mwaka 1738 na 1740. Vya mviringo ni vya matofali. Vya pembe nane vimeezekwa matete.

Nilidhani vinasaga nafaka, kumbe kazi yao ni kutoa maji. Ardhi ile iko chini ya usawa wa bahari. Isipoondolewa maji, mashamba hugeuka ziwa. Upepo huyasukuma mabawa yaliyotandazwa vitambaa vya tanga, mfano wa jahazi, nayo huzungusha gurudumu linalopandisha maji hadi kwenye hodhi la juu, yapate kutoka mtoni. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na pampu. Lakini katika Vita vya Pili vya Dunia, mafuta yalipoadimika, vinu vilirejea kazini.

Nikachagua kinu kilichonipendeza kuliko vyote, nikakisogelea. Nilipolenga, niliona pazia dirishani, na uani mama akianika nguo za watoto. Ilikuwa nyumba ya watu! Nikaishusha kamera kwa haya. Watunzaji wa vinu huishi humo na jamaa zao, wakiyaangalia mabawa kama nahodha aangaliavyo tanga lake.

Mabawa hayo yana lugha pia. Bawa likisimamishwa kabla kidogo ya kufika wima, ni ishara ya furaha. Likisimamishwa baada ya kupita wima, ni msiba. Julai 2014, ndege iliyojaa Waholanzi ilipodunguliwa nchini Ukraine, vinu vingi nchini humo vilisimamishwa kwa ishara ya msiba.

UNESCO iliviingiza vinu hivi katika urithi wa dunia mwaka 1997, kama ilivyouingiza mji mkongwe wa Lamu mwaka 2001. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haizibi paa linalovuja. Huliziba yule alalaye chini yake.

Nilirudi na picha moja tu niliyoridhika nayo, niliyoipiga kutoka ng'ambo ya mfereji. Mama watoto alipoiona akaniuliza, "Mbona kinu chenyewe kiko mbali hivi?"

Nikamjibu, "Wenyewe walikuwa nyumbani."