Kisigino cha asubuhi

Raskazone, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

 Huku masika yamekata na barabara zimeanza kukauka.

Mama yako ameniambia umeacha kutembea. Kila siku baada ya swala ya alfajiri ulikuwa ukitoka Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite, na sasa unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nikamuuliza: maumivu yapo chini ya kisigino, upande wa ndani? Hatua za kwanza za asubuhi ndizo kali kuliko zote, kisha yanalegea, kisha yanarudi ukiinuka baada ya kukaa? Akasema ndivyo hasa. Basi mgeni huyo namjua; alinikalia muda mrefu nilipokuwa bado nafundisha.

Chini ya unyayo kuna utando mnene wa nyuzi, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda mpaka kwenye shina la vidole. Huo ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukiubebesha mzigo kuliko ulivyozoea, labda umeongeza mwendo kwa ghafla, au unasimama darasani juu ya saruji kutwa nzima, au vigimbi vimekaza, nyuzi zinachakaa pale zinaposhikana na mfupa. Usiku vidole vinaelekea chini na utando unajikunja. Asubuhi unauvuta wote kwa mpigo mmoja, na uzito wako juu yake.

Habari za eksirei nimezisikia pia, kwamba mfupa umeota mwiba. Usikose usingizi kwa ajili hiyo. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa, na wengine wanaumwa kisigino bila mwiba wowote. Na hao wanaokuambia ni gauti, uache nyama na maharage, waambie gauti huvimba, huwa nyekundu na ya moto, na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu. Kupima damu si vibaya, lakini maharage yako endelea kula.

Sasa la matembezi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Najua ulivyo: ama utalala kitandani mpaka upone, ama utajikaza mpaka darajani. Yote mawili yatakuchelewesha. Kisigino hiki kina hila: ukishatembea kidogo kinapoa, unadhani kimepona, unaongeza mwendo, na deni unalipishwa kesho yake. Kwa hiyo usipime kwa unavyojisikia njiani. Pima kwa hatua za kwanza za asubuhi inayofuata. Zikiwa kama kawaida au nafuu kidogo, umbali wa jana ulikufaa. Zikiwa kali zaidi, punguza. Anza na dakika kumi na tano kwenye tambarare, ukae hapo kwa siku kadhaa kabla hujaongeza. Daraja lisubiri kwanza. Peke yake ni kama kilomita moja, kwenda na kurudi mbili. Mchanga laini wa ufukweni pia uache kwa sasa, hasa peku, maana kisigino kinazama na utando unavutika. Ungekuwa huku Tanga ningekuazima baiskeli, kwa barabara za Dar sithubutu.

Kabla hujagusa sakafu asubuhi, kaa ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka uhisi kwa dole gumba la mkono kwamba utando chini umekaza. Hesabu kumi, achia. Fanya mara kumi, na urudie mara mbili nyingine katika siku. Ukikaa tahiyatu, ule mguu wa kulia uliosimama na vidole vilivyopindwa kuelekea Kibla unavuta utando huo huo, kwa hiyo usishangae ukikuuma hapo. Maumivu yakizidi, sali kwenye kiti bila haya.

Zoezi la pili watu wanalikwepa kwa sababu halina raha ya kuchuliwa, nami naliona ndilo lenye kazi. Simama kwenye ngazi, kunja taulo uliweke chini ya vidole, visigino vikae hewani. Inuka polepole kwa sekunde tatu, kaa juu mbili, shuka kwa tatu. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Ukiweza kufika kumi na mbili bila shida, beba mkoba wenye madaftari ya wanafunzi. Litauma kidogo, na hilo si kosa. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, inatuliza. Ila mama yako asikuige, maana mwenye kisukari anaweza kuungua kwa barafu asijue.

Hizo kandambili unazovaa ndani kwenye marumaru zitupe. Ukienda soko la Karume kutafuta raba, usidanganywe na weupe wake. Mtumba unaweza kung'aa juu na soli imeshakufa. Ikunje: ipinde kwenye vidole, si katikati, na nyuma pawe pagumu.

Sindano ya steroidi watakupendekezea. Inapoza kwa wiki kadhaa, lakini inaweza kudhoofisha utando mpaka ukakatika, na kupunguza ile nyama ya mafuta chini ya kisigino. Mimi nisingeikimbilia. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu, ingawa najua mwaka ni neno zito kwa mtu wa mbio kama wewe. Lakini ukipata ganzi, uvimbe, homa, maumivu ya usiku hata ukiwa umelala, au ukibana kisigino kwa pande zote mbili kikauma sana, hayo si ya shangazi tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni piga picha soli za raba zako za zamani, zote mbili, unitumie kwa WhatsApp nione zimelika upande gani. Na usimpe mtu kabla sijaziona.

Wasalimie watoto.

Shangazi yako