Nanga Iliyonifaa

Februari 2012 meli moja ilitupa nanga nje ya bandari ya Mombasa, mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari. Nairobi nzima ililalamika kwamba intaneti inajikokota. Mimi nilishukuru, na shukrani hiyo nimeificha kwa zaidi ya miaka kumi.

Nilikuwa na kampuni ya kuandikia wateja wa ng'ambo programu za kompyuta: vyumba viwili kando ya Ngong Road, jenereta ya mkopo, wafanyakazi saba. Majira yenyewe yalikuwa ya ndoto. Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya uliozinduliwa 2008, ilizihesabu kazi za kufanyia kampuni za nje miongoni mwa sekta sita za kuinua uchumi. Tulikuwa tumetoka kwenye intaneti ya setilaiti, ambayo bei yake ilikula faida kabla hujalipa kodi ya nyumba; kisha 2009 TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM, kebo nyingine, pia ikafika. Kule Konza serikali ilikuwa na ekari 5,000 za kujengea mji wa teknolojia. Kwenye mikutano ya hotelini hakuna aliyesimama kuzungumza asiitaje Bangalore ya India. Mimi nikiwemo.

Mteja wangu alikuwa Mwingereza mwenye maduka machache. Alitaka mfumo wa kuhesabu mali ya stoo, na akasisitiza apewe mtu aliyekwisha kuifanya kazi kama hiyo. Mtu huyo nilikuwa naye: dada mmoja mwenye uzoefu wa miaka sita, hodari kunishinda mimi. Nikatuma wasifu wake. Mteja akakubali dola 18 kwa saa.

Lakini dada huyo alikuwa na kazi nyingine mikononi, wala sikumwambia kitu. Kazi ya Mwingereza niliwapa vijana wawili wa chuo waliokuja kujifunza kazi kwa miezi mitatu, ambao niliwaahidi marupurupu na nikaishia kuwapa nauli na chakula cha mchana. Nikafungua anwani ya barua pepe yenye jina la dada, nikawaambia: "Mkimjibu mteja, tieni jina hili." Mmoja aliniangalia kwa muda, halafu akaandika.

Vijana walijitahidi, lakini kuna mambo ambayo hufundishwi na mtu ila makosa yako mwenyewe. Tarehe ziligeuka, 3 Aprili ikasomeka 4 Machi. Wauzaji wawili wakigusa bidhaa ya mwisho kwa wakati mmoja, mfumo uliwauzia wote wawili, na stoo ikaonyesha hasi moja. Hawakujua kwamba rekodi hufungwa hadi anayeishika amalize. Dada angelirekebisha jambo hilo asubuhi moja, lakini kumwita kungekuwa kujifichua.

Siku ya kukabidhi ilipokaribia, ndipo meli ikashusha nanga. Nilimwandikia mteja kwamba kebo yetu imekatwa, kazi iko tayari ila haiwezi kutumwa. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli, na uongo uliochanganywa na kweli haupati taabu ya kuaminiwa. Alinipa siku kumi, akatuombea heri. Akataka kuzungumza na dada kwa video. Nikasema laini haibebi sauti.

Sikukumbuka kwamba dada alikuwa na ukurasa wake mtandaoni. Siku kumi zilipoisha na mfumo ukamfikia, mteja akamwandikia huko, kwa upole, akimuuliza kuhusu ile hasi moja. Dada alikuja mezani kwangu akaweka simu mbele yangu. "Bosi, huyu ananiuliza kazi gani?"

Mwisho wa mwezi aliondoka. Mteja alivunja mkataba kwa mistari mitatu, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeiuza jenereta.

Hayo ni ya kampuni yangu, na kampuni hufa kila siku. Linaloniuma zaidi ni nililofanya baadaye. Niliitwa kwenye vikao kama mtu aliyejaribu, nikasimama mbele ya maafisa na wanafunzi nikasema: kebo ilituua, stima ilituua, serikali haikutulinda. Nilipigiwa makofi. Nikaendelea na Bangalore yangu, jinsi Texas Instruments ilivyofungua ofisi pale 1985 na kuweka dishi lake la setilaiti, kana kwamba ukishapata dishi umeshapata wateja. Nilichokiruka ni kwamba kampuni za India zilikuwa zimekaa miaka mingi zikiwapeleka watu wao Marekani kuketi ndani ya ofisi za wateja, wakaonekana kwa macho wakifanya kazi, ndipo kazi yenyewe ikaanza kusafirishwa. Nilikijua kipande hicho. Nilikisoma na kukifunga, kwa sababu mimi nilikuwa nimempelekea mteja sura ya mtu asiyejua kwamba ametumwa.

Mwaka jana nilimtafuta dada, nikamwandikia barua ndefu ya kuomba radhi. Alikaa siku nne. Jibu lake lilikuwa swali moja: "Na wale vijana, uliwahi kuwalipa?"

Sikuwa nimewalipa. Mmoja nimempata, yuko Nakuru, nikamtumia pesa zake kwa M-Pesa. Alinipigia kuuliza kama nimekosea nambari. Wa pili bado ninamtafuta. Kila nikipiga, naambiwa mteja hapatikani.