Brashi Tatu Zinatosha

Wasee, kabla hujaagiza ile seti ya brashi kumi na mbili, nisikize kwanza.

Mimi niliinunua. Pesa ya kuuza ndengu ikaisha yote hapo. Huku Kanyangi hakuna duka la vifaa vya sanaa karibu, so niliagiza kwa simu bila kugusa kitu. Kazi yenyewe ilikuwa picha ya susu. Macho yake yanafifia, na alitaka kujiona kabla giza halijafika.

Siku ya kwanza tu, brashi zikamwaga nywele kwenye shavu lake. Nikitoa moja kwa ukucha, rangi inakwaruzika. Zilikuwa laini, za rangi ya maji. Rangi ya mafuta ni nzito. Brashi kama hiyo ikiigusa inalala tu. Shavu hilo nililirudia mara tatu. Susu akasogea, akauliza, "Kwani niko na ndevu?"

Siku hizi ninazo tatu, nimenunua moja moja.

Ya kwanza ni bapa pana ya nywele za nguruwe. Ni ngumu, na ncha zake zimepasuka kidogo, ndiyo maana zinabeba rangi nyingi. Hiyo ni ya kuanzia: anga, ukuta, leso.

Ya pili ndiyo kipenzi changu: bapa ndogo yenye ncha ya mviringo kama ukucha. Ukiilaza inazungusha shavu vizuri, ukiigeuza ubavu inakupa mstari.

Ya tatu ni duara nyembamba ya nailoni, ya macho na mikunjo.

Ukipata nafasi ya kuingia dukani, kunja nywele kwenye kiganja. Zikirudi wima, sawa. Vuta kidogo. Zikitoka, rudisha hiyo brashi ilikotoka. Na chagua mpini mrefu, ushike nyuma, usimame mbali na picha. Utaona uso mzima, si pua peke yake.

Kuosha nako ni kazi. Huku maji yanakuja kwa mtungi, so mimi hupangusa rangi yote na kitambaa kwanza, kisha mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni ya kipande kwenye kiganja. Halafu nailaza. Usiiache imesimama ndani ya mkebe, itapinda kichwa milele.

Kuna mtu atasema bila vifaa vya bei huwezi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 na rangi za baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi. Leo mtindo mzima una jina lake. Shida yangu haikuwa bei. Nilinunua nyingi nisizozijua badala ya chache ninazozielewa.

Picha ilipokauka nilimpelekea susu chini ya mwembe. Akaisogeza hadi karibu na pua, akanyamaza sana. Kisha akacheka.

"Huyu namjua."