Ndosho: Kuvu ya chooni nusura itenganishe familia mbili

GOMA – Katika mtaa wa Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, kuna nyumba moja ya mbao yenye choo kimoja, ambacho pia ndicho bafu. Zamani kilitumiwa na watu 5. Leo wanakitumia watu 12, kwani mwenye nyumba, mama mjane anayeuza makala, alipokea familia iliyokimbia vita kutoka Masisi. Kuchimba choo kingine si rahisi: chini ni mawe ya volkano.

Mvua ilipoanza, madoa meusi yalitokea kwenye mbao za choo, yakapanda hadi karibu na bati. Harufu ya kuoza ikafika chumbani. Mtoto mdogo akaanza kukohoa usiku.

“Mbele mufike, choo yangu ilikuwa safi,” mwenye nyumba alisema.

Mama wa Masisi hakujibu. Kila alfajiri aliamka kabla ya wengine, akasugua mbao kwa sabuni ya unga. Baada ya siku chache weusi ulirudi. Jioni moja aliwaambia watoto wake wafunge vitu vyao, ingawa hakujua wangelala wapi.

Siku hiyohiyo seremala jirani alikuja kutengeneza mlango. Aligusa ukuta wa choo, ukawa umelowa. Akatazama juu: kidirisha kilikuwa kimefunikwa kwa bashi na kupigiliwa misumari.

“Nani alifunga hapa?”

Mwenye nyumba akainamisha kichwa. Ni yeye. Aliifunga wiki ile wageni walipofika, ili mabinti wao waoge bila kuonwa na wapita njia.

“Basi mama, kuvu haikuletwa na mgeni,” seremala akasema. “Watu 12 wanaoga humu, na maji hayana pa kukaukia.”

Bashi iliondolewa, kikawekwa kipande cha chandarua kinachopitisha hewa. Mbao 2 za chini zilizooza zilibadilishwa. Zilizobaki zilisuguliwa kwa brosi na sabuni, zikasuuzwa, zikapakwa maji yenye javeli, mlango ukiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Kabla ya hapo choo kilimwagiwa maji mengi, kwa sababu javeli ikikutana na mkojo, siki au dawa nyingine ya choo hutoa hewa kali inayoumiza mapafu. Baadaye mbao ziliachwa zikauke kabisa, maana kuvu hurudi palipo na unyevu.

Mtoto alipelekwa kituo cha afya, kwani kikohozi kinachoendelea hakitibiwi kwa kusafisha ukuta peke yake.

Vitu vilivyofungwa vilifunguliwa usiku uleule. Sasa nyumba ile ina sheria moja: anayemaliza kuoga anafagia maji na kuacha mlango wazi, awe mtoto wa Ndosho au wa Masisi.