Kilo 3.6 ndani ya siku tisa



Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, inshallah. Leo niruhusuni niandike juu ya mwili wangu, maana nao umenipa kazi ya kutafuta kosa.

Vichochoro vya Lamu havipitiki kwa gari, kwa hiyo kila mtu hapa hutembea. Lakini kazi yangu ni kukaa, na kila asubuhi ni mahamri kwa mbaazi. Mizani ikafika kilo 84.2. Nikaamua kupunguza wanga kabisa: wali wa nazi, mkate wa mofa, viazi, sukari ya chai. Nikabaki na samaki, mayai na mboga.

Siku ya tisa nilikuwa na kilo 80.6. Nikajisifu barazani. Ami yangu, anayetumia dawa za sukari na za presha, akasema: "Mwanangu, nami naanza kesho."

Usiku ule nikafungua jedwali langu. Mizani yangu ni ile ya kukanyaga miguu mitupu, inayotoa na hesabu ya misuli. Ilisema nimepoteza kilo 1.9 za misuli. Kwa siku tisa tu? Na kweli nilikuwa nikipanda ngazi za nyumbani nasikia kizunguzungu. Nikaogopa.

Kisha ikaja harusi. Siku mbili za pilau, biriani na halwa, mizani ikarudi 82.9. Hapo nikapiga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Kurudisha kilo 2.3 za mafuta kungetaka kalori kama 17,700 zaidi ya matumizi yangu. Napenda biriani, lakini si kiasi hicho! Na "misuli" nayo ilikuwa imerudi, bila kunyanyua kitu kizito kuliko sahani.

Jibu ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kama gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Ifikirieni kama kache: ndogo, karibu, ya kutumika haraka. Mwaka 1970 watafiti Olsson na Saltin walionyesha kwamba kila gramu yake huambatana na gramu 3 hadi 4 za maji. Akiba ikiisha, maji yake nayo hutoka, na hapo tu zimeenda kilo 2 au zaidi. Tena insulini ikishuka, figo hutoa chumvi zaidi, na chumvi huondoka na maji. Ndiyo sababu ya kile kizunguzungu.

Na mizani? Hiyo haioni misuli. Hupitisha umeme kidogo mwilini, na umeme hupita vizuri penye maji na chumvi. Kutokana na hapo fomula ndiyo inayokisia misuli. Maji yakipungua, inaandika misuli imepungua. Data ni sahihi, jina la safu ndilo lenye makosa.

Misuli ya kweli inaweza kupotea pia, ukila kidogo mno, ukikosa protini na usipoifanyisha kazi. Kwa hiyo sasa nakula samaki wa kutosha, napiga pushapu, na wali kidogo umerudi mezani. Badala ya kilo za kila siku naandika kiuno changu na idadi ya pushapu. Kiuno kinashuka polepole, pushapu zimetoka 12 hadi 27.

Lakini kilichonifanya niandike ni ami. Mimi nilipata kizunguzungu tu. Mtu anayemeza baadhi ya dawa za sukari, au anayejidunga insulini, akiacha wanga ghafla sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Dawa ya presha nayo, juu ya maji na chumvi vinavyopotea, inaweza kumwangusha. Asubuhi ile nilimwendea kabla hajanywa chai, nikamwambia zile kilo nilizojisifia nyingi zilikuwa maji. Alicheka sana. Tulikwenda pamoja kwa daktari, akapangiwa kupunguza wali taratibu huku dawa zikiangaliwa.

Kama nawe unatumia dawa, anza kwa daktari.

Tukutane kwenye hifadhidata.